Kutoa Mfupa wa Dinosaria Ardhini Bila Kuuvunja: Mwongozo Kamili kwa Timu Inayojiandaa Dodoma

Anayechimba kisukuku kwa mara ya kwanza hudhani kazi ni kuufukua mfupa mpaka ubaki mweupe juani, kisha kuunyanyua. Ndivyo mifupa mingi inavyoishia kuwa kokoto. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 100 au zaidi una nyufa kila mahali, na kinachoushikilia ni ule udongo ulioubana. Ukiumaliza udongo, umeondoa mikono iliyoubeba. Kwa hiyo hutoi mfupa. Unatoa kipande cha ardhi chenye mfupa ndani, kimefungwa hogo kama mguu uliovunjika, na mfupa mzima utauona mezani baadaye. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Ardhi ya kwenda na ardhi ya kuacha

Usipoteze siku kutafuta dinosaria chini ya vilima vya Dodoma mjini. Mawe yale ni graniti na naisi za kale mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati ambapo hakukuwa na mnyama yeyote duniani. Vitu vyeupe vinavyofanana na mifupa kwenye makorongo ya Bahi na Manyoni mara nyingi ni chokaa iliyoganda kuzunguka mizizi ya miti. Wapo wanaopima kwa ulimi, kwamba mfupa wa kale hunata. Ni kweli hunata, lakini chokaa na udongo mkavu navyo hunata. Chukua lenzi ya kukuza mara kumi utazame palipovunjika. Mfupa una vitundu vidogo vilivyopangika kama sifongo ndani, na ganda gumu lililobana nje. Chokaa haina mpangilio huo.

Dinosaria wa Tanzania wako pembezoni mwa nchi. Tendaguru, mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba kati ya 1909 na 1913, msimamizi mkuu wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Kutoka huko alipatikana mnyama anayesimama leo katika makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Bonde la Ruhuhu kusini limetoa viumbe wa kale zaidi, akiwemo Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu wa dinosaria, aliyepewa jina 2010. Ufa wa Rukwa, upande wa Songwe, umetoa Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa 2019. Jina ni la mto Mtuka na la pingili ya mkia yenye umbo la moyo. Kanda ya Kati ina Mahenge, Singida, lakini huko ni samaki na popo wa miaka kama milioni 46, walioishi muda mrefu baada ya dinosaria kutoweka. Tutagusia Mahenge kidogo mbele, kwa sababu mbinu yake ni tofauti.

Dodoma, basi, ni mahali pa kujipanga: Wizara ya Maliasili na Utalii iko hapa, vifaa vipo, na mazoezi yanafanyika vizuri.

Vibali kabla ya sururu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa mali inayolindwa. Kuchimba bila leseni ni kosa, na kuuza ni kosa. Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, leseni ya kuchimba kutoka mamlaka ya mambo ya kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kisha barua za mkoa, wilaya na kijiji. Fika kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kupiga hema, na kama mfupa uko shambani mwa mtu, mwenye shamba aelewe shimo litakuwa na ukubwa gani na litafukiwa lini. Kubalianeni pia kabla ya kuondoka kisukuku kitahifadhiwa wapi. Hogo lisilo na makumbusho ya kulipokea huishia kupasuliwa na mvua nyuma ya ofisi fulani.

Kondoa, kwenye michoro ya miambani, usichokonoe hata sakafu ya pango. Eneo hilo ni urithi wa dunia tangu 2006 na lina taratibu zake.

Vifaa, na pale watu wanapokosea kununua

Sururu, chepe, karai, ndoo za lita 20, nyundo ya kilo moja na nyingine ndogo, tindo za upana tofauti, mwiko wa mwashi, brashi za rangi za inchi moja na mbili: hivi havina shida, duka lolote la vifaa vya ujenzi vinavyo. Kwa kazi ya karibu na mfupa, kifaa bora kuliko vyote ni msharasi wa fundi viatu. Nunua mitano, kwa sababu ncha huvunjika. Ongeza shazia, vijiti vya mianzi vilivyochongwa na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Usipulize kwa mdomo; mate hulowesha mfupa na vumbi hurudi machoni.

Magunia lazima yawe ya katani au juti. Salfeti za plastiki zilizojaa masoko yote siku hizi hazishiki plasta hata kidogo: plasta hukauka juu yake na kubanduka kama ganda la yai. Waulize wauza nafaka wa masoko ya Majengo au Kibaigwa, mkoani Dodoma, kama wana magunia ya zamani ya katani. Yafumue, yakate vipande vya sentimita 15 kwa 60, yafue mafuta na vumbi vitoke. Gunia moja la kilo 100 hutoa vipande kama kumi na tano.

Plasta ni ile ya Paris, ambayo mafundi wa dari huiita POP. Usidanganywe na jiwe la jasi linalochimbwa Itigi. Hilo ni mali ghafi, haliwi plasta mpaka lichomwe kwa joto la nyuzi 150 hivi na kusagwa. Jaribu kila mfuko kabla ya safari kwa kukoroga kikombe kimoja. Kama baada ya dakika 30 bado inafinyangika, imenyonya unyevu, irudishe dukani. Funga mifuko ndani ya plastiki ukielekea Lindi, maana hewa ya pwani si ya Dodoma.

Gundi ya kuimarishia ni Paraloid B-72, punje zinazoyeyuka katika asitoni. Gundi nyeupe ya mbao na supagluu zinakuvutia kwa bei, lakini supagluu haitoki vizuri baadaye, na gundi ya mbao hubana udongo na mfupa pamoja. Supagluu ibaki kwa jino dogo linalomeguka mbele ya macho yako, basi.

Kukoroga gundi

Gundi nyepesi ya kupenyeza: gramu 50 za punje kwa lita moja ya asitoni. Ukizimwaga tu punje ndani ya chupa, zitagandamana chini kuwa donge ambalo halitayeyuka kwa siku mbili. Zitie ndani ya kifuko cha shashi, kining'inize karibu na uso wa asitoni, funika, uache usiku mzima. Myeyuko mzito hushuka wenyewe na asitoni safi hupanda kuchukua nafasi. Gundi nzito ya kuunganishia: gramu 50 kwa mililita 100.

Tumia chupa za kioo. Chupa ya maji ya kunywa hupauka, hulegea, na siku moja inamwagika ndani ya sanduku. Asitoni hushika moto kwa urahisi ajabu, hivyo isikae hema moja na jiko la mkaa wala sigara.

Joto ni adui wa gundi hii kwa namna mbili. Saa saba mchana asitoni hupaa kabla gundi haijapenya, ikaacha ngozi inayong'aa juu na mfupa mbichi chini. Paka alfajiri au jioni, na tandika kivuli. La pili: gundi hii huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi, na gari lililofungwa juani hupita hapo bila shida. Viungo ulivyounganisha vizuri asubuhi huteleza taratibu njiani. Na mfupa wenye unyevu ukipakwa hugeuka mweupe kama umepakwa maziwa. Uache ukauke kivulini kwanza.

Kutafuta na kufungua shimo

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Tembea asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa sababu vivuli hufichua kingo za mifupa. Utakachoona kwanza ni vipande vilivyoporomoka. Usichimbe palepale. Weka kibendera kila penye kipande, kisha tazama mstari wa vibendera unapandia wapi kwenye mteremko. Kipande cha juu kabisa ndicho kilicho karibu na tabaka lenyewe. Vyote vipigwe picha na kuandikiwa vipimo vya jipiesi kabla ya kuokotwa.

Ukilipata tabaka, ondoa udongo wa juu kwa sururu na chepe mpaka zibaki sentimita 20 hadi 30 kufika usawa wa mfupa. Hapo sururu hutoka shimoni kabisa, isiachwe hata pembeni, maana mtu mwenye haraka ataishika. Endelea kwa tindo, kisha msharasi. Piga tindo ikielekea pembeni, kamwe isielekee mfupa. Kifusi kitupwe mbali na upande ambao shimo linaweza kupanuka. Timu nyingi huhamisha kifusi kilekile mara mbili kwa kupuuza hili.

Fukua juu ya mfupa kiasi cha kujua mwanzo wake, mwisho wake na upana wake. Usisafishe pembeni. Usichimbe chini yake. Kila ufa unaoufunua, dondoshea gundi nyepesi kwa bomba la sindano mpaka ikatae kunywewa, subiri ikauke, rudia. Vipande vidogo vilivyoachia vitiwe mfuko mmoja wenye namba ya mfupa ule ule.

Kabla chochote hakijafunikwa, chora ramani. Funga kamba za miraba ya mita moja, chora kila mfupa kwa kipimo, weka mshale wa kaskazini, andika mfupa umeelekea wapi na umeinama kiasi gani. Mwelekeo huu ndio unaosema kama mto uliisomba mifupa au mnyama alifia hapo. Udongo wa karibu upite kwenye chekeche la milimita moja au mbili. Meno ya wanyama wadogo hupatikana hapo tu.

Kufunga hogo

Chimba mtaro kuzunguka mfupa, ukiacha sentimita 5 hadi 10 za udongo kila upande. Shusha mtaro chini ya usawa wa mfupa, kisha anza kula kwa ndani mpaka donge lifanane na uyoga juu ya shina. Shina libaki theluthi moja ya upana. Ardhi ikiwa ya mchanga unaomwagika, liache nene zaidi na upenyeze vitundu viwili vitatu chini yake, upitishe mikanda ya gunia lenye plasta.

Kabla ya hapo piga hesabu ya uzito. Donge la mita 1 kwa 0.6 kwa 0.4 ni mita za ujazo 0.24. Jiwe la mchanga ni kama kilo 2,300 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kilo 552. Ukikata kona na kuliviringisha, theluthi mbili hubaki, karibu kilo 370. Ongeza hogo na mabanzi, unagusa 430. Hao ni watu kumi na wawili wakilibeba kwa miti ya kubebea, kila mmoja akibeba kilo 36. Kama mko sita, tafuteni ufa wa asili mligawe donge sasa, kwa makusudi, mkiandika pande zote mbili.

Donge hilohilo litakula kilo 40 za plasta, vipande 80 hadi 90 vya gunia, yaani magunia sita, na lita 60 za maji pamoja na ya kuoshea.

Funika mfupa kwa tabaka tatu au nne za karatasi za chooni zilizoloweshwa, ukizipigapiga kwa brashi zishuke kwenye kila bonde. Hili likirukwa, plasta hushika mfupa na siku ya kufungua huondoka na uso wake. Palipo na shimo kubwa, jaza karatasi au udongo laini. Hewa iliyobaki kati ya hogo na mfupa ndiyo nafasi ya mfupa kuchezea njiani.

Sasa plasta. Maji kwanza ndani ya karai, lita 2. Nyunyiza kilo 3 za plasta juu yake kwa mkono, polepole, mpaka ianze kutokeza kama visiwa, ndipo ukoroge. Ukitia maji juu ya plasta utapata madonge. Uzito uwe wa maziwa mgando. Una dakika 10 hadi 15. Mabaki ya plasta ya zamani kwenye karai huharakisha kuganda, na chumvi vilevile. Anayefanya mazoezi kwa maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo baadhi ya visima vya Dodoma, ataona plasta inamshika mkononi kabla hajamaliza. Ikianza kuganda usiongeze maji. Imwage, lakini si kwenye sinki wala mfereji wa maji machafu.

Gunia liwe na unyevu kabla ya kuchovywa, la sivyo linanyonya maji ya plasta na kuacha unga. Chovya, kamua kwa vidole viwili, laza. Anza na ukingo wa chini kuzunguka, ukiingiza ncha chini ya uyoga, ndipo upande juu, kila kipande kikilalia nusu ya mwenzake. Sugua kwa kiganja mpaka nyuzi zimezwe. Baada ya tabaka mbili, laza mabanzi ya miti mikavu kwa urefu, yafunge kwa tabaka la tatu. Mti mbichi hukauka, husinyaa, na hulegea ndani ya hogo. Unene wote uwe sentimita moja na nusu.

Liache hadi kesho yake. Plasta ina joto kwanza, kisha inapoa na kuwa baridi yenye unyevu. Ikigongwa kwa kifundo cha kidole ilie kama mlango, siyo kama ndizi. Andika juu yake, kwa kalamu ya wino usiofutika na kwa ukubwa: namba ya shimo, namba ya mfupa, mshale wa kaskazini, tarehe, upande upi ulikuwa juu, na kilichomo. Andika sehemu mbili tofauti, kisha daftarini.

Kupindua

Hapa ndipo kazi ya wiki mbili hupotea kwa sekunde tatu. Kata shina kwa tindo ndefu kutoka pande mbili. Mtu mmoja tu atoe amri, wengine wanyamaze. Sukumeni kwa mwendo mmoja usiosita, donge likipinduka juu ya kitanda cha mchanga au matairi mliyoandaa. Likisita katikati, udongo humwagika kwa chini. Likimwagika, msikimbilie kurudisha kwa mikono. Pigeni picha kwanza, kila kipande kiokotwe kwa mfuko wake. Miguu isiwe upande linakoangukia.

Upande wa chini ukishakuwa juu, punguza udongo wa ziada kwa uangalifu, maana kila ndoo unayotoa ni kilo 25 ambazo hakuna atakayezibeba. Funika karatasi, funga plasta tabaka mbili. Kwenye gari lilale juu ya matairi au magodoro ya zamani, lifungwe kamba lisitembee, na lisikae juu ya ekseli ya nyuma.

Mahenge na mawe ya kurasa

Samaki wa Mahenge wamo katika matope yaliyoganda kurasa kwa kurasa chini ya ziwa la kale. Hogo halina kazi pale. Simamisha bamba kwa ubavu, tia tindo bapa kwenye mstari wa tabaka, gonga kidogo kidogo kuzunguka mpaka lifunguke. Kisukuku hugawanyika pande mbili. Zote zitunzwe, zipewe namba moja na herufi A na B. Zifungie gazeti na zikauke taratibu, zisije zikajikunja.

Mezani

Fungua hogo kwa upande wa chini uliofungwa mwisho, ambao ni mwembamba. Msumeno unaotikisika wa kukatia mahogo hospitalini hufaa sana. Usiondoe upande wa pili. Huo sasa ndio kitanda cha mfupa. Ondoa udongo kwa msharasi na brashi chini ya lenzi, sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, ukipaka gundi nyepesi unapoendelea. Jiwe gumu linahitaji kalamu ya upepo, kifaa chenye ncha inayogongagonga, inayoendeshwa na kompresa yenye mgandamizo wa baa 6 hadi 7. Ishike kwa pembe ndogo, ikipiga jiwe likachomoka lenyewe. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye mfupa huacha alama za vidoti zisizofutika.

Vumbi hilo lina silika, ileile inayoua mapafu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haitoshi. Vaa ya kuchuja chembe, ya N95 au zaidi, na uwe na feni inayotoa hewa nje.

Mifupa ya kale pia hunyonya urani kutoka maji ya ardhini, ile urani ambayo watafiti wa madini waliifuata Bahi na Manyoni. Kipande kimoja mezani hakina neno, lakini makabati yaliyojaa ndani ya chumba kisicho na dirisha hukusanya radoni, gesi yenye mionzi. Fungua madirisha kabla ya kuanza kazi, na kama stoo ni kubwa, omba Tume ya Nguvu za Atomiki ije ipime.

Udongo unaotoka ndani ya hogo usiumwage. Upite kwenye chekeche kama ule wa shimoni, wenye namba ya hogo lake, maana kipande cha uti kilichokosekana kwenye ramani mara nyingi kimo humo.